Waliahidi 2029

*Ninasimamia seva za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Iringa. Kitengo kizima ni mimi peke yangu. Mwaka 2020, CentOS 6 ilipokaribia mwisho, niliiandikia bodi waraka nikaeleza kwamba tukihamia CentOS 8 tutatulia hadi 2029 bila kulipia leseni. Wakakubali. Novemba nikamaliza kuhama. Desemba likatoka tangazo kwamba CentOS 8 inafungwa mwisho wa 2021. Seva tatu ziko hivyo hivyo hadi leo, moyo wa kuzigusa sina. Ya nne niliirudisha CentOS 7, nayo muda wake umekwisha 2024. Kila kikao meneja ananikumbusha "ile 2029 yako". Kijana wa mafunzo kwa vitendo anasema twende AlmaLinux, lakini nasikia huko nako walibadilisha mwelekeo mwaka 2023. Rafiki yangu anasema Debian. Mhasibu anataka tununue Windows. Sitaki tena kumwahidi mtu tarehe. Nimwamini nani?*

*Msimamizi wa seva, Iringa*

Pole sana, mwanangu. Barua yako imenigusa, maana sehemu kubwa ya mzigo uliojitwika si yako, na nataka tuutue kwanza ndipo tuzungumze kazi.

CentOS 6 ilifika mwisho wa huduma tarehe 30 Novemba 2020. Tangazo la kuikatisha CentOS 8 lilitoka tarehe 8 Desemba 2020. Waliohama kwa wakati, kama wewe, waliachwa wapumue siku nane. CentOS 8 yenyewe ilikuwa imetoka Septemba 2019, na tarehe ya mwisho iliyochapishwa na mradi ilikuwa 31 Mei 2029. Hukuitunga wewe. Mpe meneja tarehe hizo nne kwenye karatasi, kwa utaratibu huo huo, umwombe akuambie ni ipi kati ya hizo uliyoikosea.

Wala hukuwa peke yako. Maabara ya Fermilab huko Marekani ilikuwa na Linux yake iliyoitwa Scientific Linux, iliyoitengeneza kwa miaka mingi kwa kushirikiana na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Mwaka 2019 Fermilab ilitangaza kwamba haitatoa toleo la 8, itatumia CentOS 8 badala yake. Watu wanaoendesha mitambo ya kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu waliacha kazi ya mikono yao kwa kutegemea mfumo ule ule ulioutegemea wewe. Hapo hakuna uzembe wa mtu wa Iringa.

Bodi ikikuuliza kilichotokea, waeleze hivi. Kampuni ya Red Hat inauza mfumo wake, RHEL, kwa usajili. Kwa kuwa umejengwa kwa programu huria, msimbo chanzo wake ulikuwa wazi kwa wote. Tangu 2004 wana CentOS walikuwa wakiuchukua, wakaondoa nembo za Red Hat, wakaujenga upya na kuutoa bure. Mwaka 2014 Red Hat ikauingiza mradi huo chini ya mwavuli wake. Mwaka 2019 IBM ikakamilisha kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 ndipo tukaambiwa CentOS ya zamani inafungwa na kinachobaki ni CentOS Stream, ambayo mpangilio wake ni mwingine: CentOS ilikuwa ikiifuata RHEL kwa nyuma, Stream inaitangulia kidogo. Mabadiliko yanayokusudiwa kuingia toleo dogo lijalo la RHEL hupitia kwanza kwenye Stream.

Siungani na wanaoiita Stream takataka. Ni mfumo unaofanya kazi, na mtu wa nje sasa anaweza kuchangia mapema kabla RHEL haijatoka, jambo ambalo zamani halikuwa rahisi. Ninacholaumu, na nakilaumu hadi leo, ni kuikatisha 8 katikati ya safari. Wangeweza kusema hakutakuwa na CentOS 9 ya mtindo wa zamani, wakaiacha 8 imalize muda wake. Watu wangenung'unika, kisha wangejipanga. Badala yake, toleo la 7 likaachwa hadi 30 Juni 2024 na la 8 likafungwa 31 Desemba 2021, la zamani likaishi miaka miwili na nusu zaidi ya jipya. Anayekaa nyumba ya ndugu bila kodi hana mkataba wa kumwonyesha mtu, lakini aliyeambiwa "kaa miaka kumi" akaleta familia hatolewi kwa notisi ya mwaka mmoja. Red Hat walikuwa na haki ya kisheria ya kufanya walichofanya. Uungwana ndio uliokosekana, na hasira yako ina msingi.

Sasa nikwambie na la upande wetu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kiraka cha usalama kilichoingia seva zako usiku kilikuwa na mtu aliyekaa akatafuta kosa, akalirekebisha, akalijaribu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa na mshahara unaolipwa na wateja wa RHEL. Chama chenu hakikulipa, na leseni ya programu huria inakupa haki ya kuutumia msimbo, kuubadilisha na kuugawa. Haikupi haki ya kazi ya mtu hadi 2029. Tarehe ile ilikuwa nia iliyotangazwa. Kwenye waraka wako ilisomeka kama mkataba, kwa sababu sote tulizoea kuisoma hivyo.

Ndiyo maana swali lako la nimwamini nani sitalijibu kama ulivyoliuliza. Hakuna mradi wala kampuni nitakayokuapia kwamba haitabadilika. Swali ninalotaka ulichukue badala yake ni hili: siku nikipewa tena notisi ya mwaka mmoja, nitaweza kuhama kwa wiki ngapi? Msimamizi mwenye jibu la wiki mbili analala usingizi. Asiye na jibu hana amani, hata akichagua mfumo bora kuliko yote.

Kabla ya hapo kuna la haraka, na nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu ni fedha za wanachama. Zile seva tatu hazina ulinzi tangu mwanzo wa 2022. Januari 2024 lilitangazwa kosa la kerneli katika sehemu iitwayo nf_tables, namba yake CVE-2024-1086. Mtumiaji wa kawaida aliyeingia kwenye mashine anaweza kulitumia kujigeuza root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. RHEL 8 ilipata kiraka, CentOS 8 haikupata. Mei 2024 wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, CISA, ukaliingiza kwenye orodha ya makosa ambayo wavamizi wanayatumia kweli. Hilo ni moja tu.

Tena nina wasiwasi na jambo ambalo hukuliandika. Muda wa toleo ulipokwisha, yum, programu inayoleta masasisho, kwenye CentOS 7 ilianza kulalamika kwamba haiioni mirrorlist.centos.org. Wengi waliingia kwenye /etc/yum.repos.d, wakabadilisha anwani zielekee vault.centos.org, na kosa likatoweka. Tangu hapo kila wakiendesha yum update inajibu kwamba hakuna la kufanya, na wanaondoka wameridhika. Mwanangu, vault ni makaburi ya vifurushi. Hakuna kipya kinachoingia mle. Ule utulivu wa yum maana yake ni kwamba hakuna anayekuletea kitu, na kama nawe ulifanya hivyo, usiuhesabu kuwa afya.

Kwa seva hizo tatu, msikilize yule kijana. AlmaLinux 8 ni wa ukoo ule ule, kwa hiyo programu ya mikopo haitagundua tofauti. Ipo skripti yao, almalinux-deploy, inayobadilisha CentOS 8 papo hapo. Kwanza fikisha mashine kwenye 8.5, toleo la mwisho la CentOS 8, na kwa hilo vault inafaa. Kisha endesha skripti. Masasisho ya usalama ya AlmaLinux 8 yamepangwa hadi 2029, ya AlmaLinux 9 hadi 2032.

Kuhusu ulichosikia cha 2023, ni kweli na kinastahili maelezo. Juni mwaka huo Red Hat ilitangaza kwamba kwa umma itaweka msimbo kupitia CentOS Stream tu, na ule wa RHEL yenyewe wataupata wateja. Miradi iliyojengwa juu ya kunakili RHEL ilitikisika. Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, na kuitwa jina la marehemu mwenzake Rocky McGaugh, iliamua kuendelea kufuata RHEL hatua kwa hatua, ikitafuta msimbo kwa njia nyingine. AlmaLinux iliamua kuacha kufanana na RHEL hadi kwenye makosa yake, ikaahidi kwamba programu zilizotengenezwa kwa RHEL zitaendelea kufanya kazi. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara. Walisema wazi wanabadilisha nini, na seva zilizokuwa zikiendesha AlmaLinux hazikuondolewa tarehe hata moja. Linganisha na Desemba 2020. CERN na Fermilab, walioumia pamoja nawe, walikuwa wameshaichagua AlmaLinux mwishoni mwa 2022 kwa majaribio yao.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa seva za mtumba. RHEL 10, iliyotoka Mei 2025, inadai prosesa zenye uwezo uitwao x86-64-v3, yaani kwa Intel ni kuanzia kizazi cha Haswell cha 2013. AlmaLinux 10 imetengenezwa pia kwa ajili ya v2, ambazo ni mashine za zamani zaidi. Kama chumba chako cha seva kinafanana na vingi nilivyoviona, hilo si jambo dogo.

Rafiki yako wa Debian hajakosea. Debian haina kampuni inayoimiliki, hivyo hakuna wa kuinunua. Kila toleo linatunzwa takriban miaka mitano ukijumlisha muda wa nyongeza. Ningekuwa naanza chama leo, ningeifikiria sana. Lakini kuhamisha mfumo wa mikopo kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine ni kazi ya mpangilio, si ya kufanywa na mtu aliyechoka mwenye seva zisizo na viraka. Funga mlango kwanza. Red Hat nao, Januari 2021, walitangaza usajili wa bure wa hadi mashine 16, ila huo ni wa mtu binafsi, na sikushauri seva za chama ziwe kwa jina lako. Mhasibu mwambie Windows nayo ina tarehe za mwisho, na inalipiwa.

Ukishamaliza zile tatu, anza kujenga uwezo wa kuhama. Kila unachosanidi kwa mkono kiandike kwenye Ansible, zana ya kusanidi seva kwa maandishi, ili seva mpya isimame bila kutegemea kumbukumbu yako. Kanzidata itoe mara kwa mara kama faili inayosomeka kwenye mashine yoyote, usitegemee picha ya diski peke yake. Na mara moja kwa mwaka chukua mashine tupu, urudishe chama kizima humo kutoka kwenye bakapu, uone inachukua saa ngapi. Saa hizo ndizo utakazoipelekea bodi.

Kwa maana bodi lazima uirudie, tena kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za wanachama zikivuja, chama ndicho kitakachojibu. Tarehe watakuuliza, usikatae kuitaja. Andika hivi: "AlmaLinux 8 imepangiwa masasisho ya usalama hadi 2029. Mpango huo uko mikononi mwa mradi na unaweza kubadilika. Ukibadilika, tutahitaji muda huu na fedha hizi kuhama, na zoezi tulilofanya mwaka huu ndilo lililotupa makadirio hayo." Omba pia mtu wa pili. Kitengo cha mtu mmoja ni hatari kuliko tangazo lolote la Red Hat, na yule kijana tayari ameonyesha anafuatilia.

Wiki hii chagua ile ambayo ikizimika Jumamosi hakuna mwanachama atakayejua. Chukua bakapu, irudishe kwenye mashine nyingine uhakikishe inafunguka, ndipo mwendeshe almalinux-deploy. Kijana akae kwenye kibodi, wewe usome jarida la mfumo pembeni yake. Zikifuata mbili zilizobaki, iache CentOS 7 iwe ya mwisho. Ipo zana iitwayo ELevate ya kuipandisha kutoka 7 hadi 8, lakini kwa seva ya umri huo napendelea usimamishe mpya kando na kuhamisha data. Hiyo ndiyo itakayokusumbua. Ukifika hapo niandikie, unitajie na toleo la kanzidata.