JINSI YA KULITAMBUA JILIWA LA ZAMANI

Katika karakana nyingi hapa Haydom kuna chombo kizito cha chuma kilichofungwa mezani kwa bolti, nacho hushika kitu kisicheze wakati fundi anapokipiga tupa au kukikata kwa msumeno. Mafundi hukiita vaisi. Katika vitabu huitwa jiliwa. Wafua chuma wa Kidatoga wa upande wa Ziwa Eyasi hushika chuma kwa koleo. Jiliwa ni kama koleo lisilochoka, maana humwachia fundi mikono yote miwili.

Siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini wakinunua kwa kilo. Mizani haijui jiliwa zima wala bovu, kwa hiyo yatupasa sisi tujue.

Kwanza, tazama umbo. Jiliwa la kale lina mguu mrefu unaofika sakafuni, na taya yake moja hufunguka kwa bawaba iliyo chini. Hilo lilifuliwa kwa nyundo, nalo huvumilia kupigwa. Majiliwa ya chuma cha kusubu, ambayo taya zake hufunguka sambamba, yalienea katika karne ya 19. Haya hayapendi nyundo nzito.

Pili, tafuta maandishi. Safisha kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ukaushe, kisha sugua chaki juu ya herufi, nazo zitasomeka. Jina la nchi husaidia sana. “W. Germany” ni kati ya 1949 na 1990, “USSR” ni kati ya 1922 na 1991, “Czechoslovakia” halivuki 1992. Lakini “Made in England” peke yake haitoshi, maana iliandikwa kwa miaka mingi mno.

Tatu, soma jina la kiwanda. Majiliwa ya Record yalitengenezwa Sheffield, Uingereza, na kampuni ya C. & J. Hampton iliyoanzishwa 1898. Ukiona Irwin pamoja na Record, hilo ni la karne hii. Majiliwa ya Wilton yalianza Chicago, Marekani, mwaka 1941, na mengi yana tarehe iliyogongwa chini ya kipande kinachoteleza. Hapo angalia vizuri: baadhi ya tarehe hizo ni za kutengenezwa, na nyingine ni za mwisho wa dhamana ya miaka 5. Basi 1955 yaweza kuwa na maana ya 1950.

Nne, usiichukue kila namba kuwa mwaka. Namba 3 juu ya Record ni kipimo tu: taya zake zina upana wa inchi 4. Rangi nayo si shahidi, kwa sababu kila mwenye karakana hupaka aipendayo.

Baba yangu mdogo ana jiliwa katika gereji yake, naye alikwisha kupatana bei na mnunuzi kwa kuwa meno ya taya yalikuwa yamelika. Tulipopaka chaki tulisoma Record, namba 3, Made in England. Tukatazama kama lina ufa; halikuwa nao. Tukazungusha parafujo, ilikwenda laini mwanzo hadi mwisho. Kumbe yale meno ni vipande viwili tu vilivyofungwa kwa skrubu! Fundi alichonga vingine kwa chuma cha springi ya gari, na jiliwa linafanya kazi hata leo.

Mwaka wake hasa haukuandikwa popote, basi katika daftari la gereji tuliandika “Sheffield, karne ya 20.” Ni afadhali kutaja kipindi cha kweli kuliko kubuni mwaka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuliweka jiliwa la mzee kwenye mizani, lipakeni chaki kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha IV