Akiba ya Nyumbani kwa Siku ya Taabu

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokwisha kutoka shuleni, Mhariri ameniomba niandike somo juu ya mambo ya nyumbani. Najua wengi wenu mtasema hili ni jambo la wanawake, mkafunua ukurasa wa habari za mpira. Nawasihi mngoje kidogo. Nataka kueleza habari za vitu ambavyo yafaa kila nyumba iwe navyo kabla taabu haijafika. Somo hili sikulipata kitabuni. Nililipata katika miji miwili ninayoijua, Jinja ninakofundisha na Mbale nilikozaliwa, na mara zote mbili nilikutwa mjinga.

Nianze na Jinja. Kila mtoto wa shule ajua ya kuwa bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka wa 1954, na ya kuwa siku hizi laitwa Nalubaale. Mwaka wa 2020 mvua ilikuwa nyingi mno, na Ziwa Victoria likajaa mpaka kufika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka wa 1964. Maji yakang'oa mafunjo na udongo wake ukingoni mwa ziwa, vikawa kama kisiwa kinachoelea. Tarehe 14 Aprili kisiwa hicho kikachukuliwa na maji mpaka bwawani, kikaziba njia ya maji ya kuendeshea mashine. Taa zikazimika Uganda nzima, pamoja na Mbale, iliyo karibu kilometa 150 kutoka hapo. Nani angefikiri ya kuwa mafunjo yaweza kuzima taa ya mtu aliye chini ya mlima Elgon?

Ulikuwa wakati wa Korona. Magari ya abiria yalikuwa yamekatazwa, na baada ya saa moja ya jioni hakuna ruhusa ya kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa katika nyumba ya kupanga huko Walukuba. Nilikuwa na mchele kilo tano, nikajiona tajiri. Lakini jiko langu lilikuwa la umeme. Maji ya nyumba ile yalipandishwa na pampu, na pampu nayo ni ya umeme. Fedha zangu zote zilikuwa ndani ya simu, na simu imekwisha moto. Basi nikakaa gizani na mchele wangu, sina moto, sina maji, sina shilingi mkononi, na mto Nile si mbali nami. Jirani yangu, mama mmoja muuza mukene, ndiye aliyenigongea mlango akasema, "Mwalimu, njoo ule." Yeye alikuwa na sigiri, gunia la makaa na jerikani nne za maji. Umeme haukukawia sana kurudi, lakini aibu yangu ilikawia.

Usiku ule nikaanza kufahamu jambo hili. Mtu akitaka kuweka akiba asianze kwa kuhesabu vitu. Na aanze kwa kuhesabu njia. Kila kitu cha nyumbani huja kwa njia yake: umeme kwa waya, maji kwa bomba, chumvi na mafuta ya taa kwa barabara, fedha kwa simu. Jiulize, njia hii ikifungwa siku tatu, nitafanyaje? Mchele wangu ulikuwa ndani, lakini njia ya moto wake ilitoka bwawani.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Waasia walipofukuzwa mwaka wa 1972, viwanda na maduka yakaharibika, hata sukari ikawa adimu katika nchi yenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni au kwa magendo. Mama yangu alikuwa msichana wakati ule, na tangu hapo hajakaa siku moja pasipo chumvi ya akiba. Huiweka ndani ya kibuyu kilichofungwa vizuri, akakitundika juu ya meko. Sisi watoto tulimcheka. Tena Januari 2008, palipokuwa na fujo Kenya baada ya uchaguzi, mafuta ya magari yalikwama njiani kutoka Mombasa, na bei za Mbale zikapanda kwa siku chache tu. Nchi yetu haina pwani. Hilo mnalisoma katika jiografia, lakini hasa husomwa dukani.

Basi baada ya aibu ya Walukuba nikawa hodari. Nikanunua sanduku zuri la mbao, nikalipeleka Mbale kwa mama. Ndani nikatia unga wa posho, maharagwe, sukari, vibiriti, mishumaa, tochi, dawa za mama za shinikizo la damu, na karatasi zetu zote: hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, na vyeti vyangu vya shule. Nikalisukuma chini ya kitanda, nikarudi Jinja moyo umetulia.

Wasomaji wa Mbale wamekwisha kucheka, kwa maana wajua mji wao. Mbale umekaa chini ya Wanale, na mito ya Nabuyonga na Namatala hushuka kutoka mlimani. Mvua ikinyesha juu huko, maji hayaulizi kama chini kuna mawingu au hakuna. Jumamosi tarehe 30 Julai 2022 nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa shauri la imbalu ya mpwa wangu, kwani mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara, na wimbi la kutengenezea pombe lilikuwa limerundikwa sebuleni katika magunia. Usiku ule mito ikafurika. Nilipoteremsha mguu kitandani, nilikanyaga maji. Tulimpandisha mama juu ya meza, na dada yangu akamshika mtoto wake mdogo begani. Nikapapasa chini ya kitanda kutafuta tochi. Tochi ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa ndani ya maji.

Asubuhi tulisikia habari za waliokufa; katika mji na wilaya za jirani walikuwa zaidi ya ishirini, na wengine walichukuliwa na maji wakiwa ndani ya gari. Sisi tulikuwa hai. Posho imekuwa uji, maharagwe yamevimba, vibiriti vimekufa. Wimbi lililowa lote. Mzee mmoja jirani akalitazama akasema, "Basi, mto umewaanzishia kimea." Tulicheka, ingawa hakuna ambaye angeinywa pombe ya maji yale yaliyopita katika vyoo vya mji mzima. Vyeti vyangu nilivitandaza juu ya bati, na wino umepotea nusu.

Kisha tukaona jambo la ajabu: baada ya maji mengi namna ile, hakuna maji. Mabomba ya mji yalikuwa yamevunjwa na mafuriko, na serikali ilisema watu wapatao 400,000 wamekosa maji safi. Sisi tulikuwa na jerikani moja tu iliyojaa, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimekazwa sawasawa. Mbili tupu zilielea zikaenda zao.

Hapa naomba tufanye hesabu kidogo. Mtu mmoja ahitaji yapata lita tatu kwa siku za kunywa na kupikia. Nyumba ya watu sita kwa siku tatu itahitaji lita 54, yaani jerikani tatu za lita ishirini, na hapo hujaosha sahani. Wale wafanyao kazi ya kusaidia watu wa maafa hukadiria lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kwa mambo yote. Kwa watu sita siku tatu hizo ni lita 270, au jerikani kumi na nne. Wachache wana nafasi ya kuweka kumi na nne. Lakini nani hawezi kuweka tatu? Ziwe safi, zikazwe vifuniko, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Yakikwisha, maji ya kisima yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Ninyi mnaokaa juu sana mlimani, kupita meta 2,000, chemsheni dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Mwalimu wenu wa sayansi atawaeleza. Vidonge vya klorini navyo ni vizuri, wala havihitaji makaa. Fuata maandishi ya pakiti.

Siku ya tatu mtoto wa dada yangu akaanza kuhara. Hapo ndipo hofu iliponishika hasa, kwa kuwa mtoto mdogo hukaukiwa upesi, na njia ya kwenda kwa daktari ilikuwa imejaa matope. Mama hakusema neno. Alinyosha mkono juu ya meko akashusha kibuyu chake. Maji hayakufika huko. Chumvi ilikuwa kavu kama siku ilipotiwa. Sukari tuliomba kwa jirani. Tukachemsha maji, tukayaacha yapoe, na katika lita moja tukatia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kilima. Tafadhali vishikeni vipimo hivyo kwa moyo, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Tukampa kidogo kidogo usiku kucha, na dada yangu aliendelea kumnyonyesha. Asubuhi nilimbeba mpaka kwa daktari, naye alisema tulifanya vema. Leo mtoto yule anakimbiza kuku.

Taabu ya mama ilikuwa nyingine. Vidonge vyake vilikuwa vimeyeyuka sandukuni. Nikaenda duka la dawa, muuzaji akaniuliza, "Dawa gani?" Nikasema, "Vidonge vyeupe, vidogo." Akanicheka kwa upole akanionyesha rafu nzima ya vidonge vyeupe vidogo. Mimi ni mwalimu. Nimewahi kuwapiga wanafunzi alama kwa kukosa kuandika jina juu ya karatasi, na sikuwa nimeandika jina la dawa ya mama yangu mahali po pote. Alikaa siku nne bila dawa mpaka tulipofika hospitali alikotibiwa. Tangu siku ile jina la dawa na kipimo chake vimeandikwa mahali pawili: katika daftari langu Jinja, na katika karatasi iliyo ndani ya mfuko wa nailoni huko Mbale.

Sasa mtauliza tumeweka nini badala ya sanduku. Kwanza mahali. Katika Mbale vitu vyote viko juu, vimetundikwa kwenye boriti ndani ya ndoo mbili zenye vifuniko. Katika Jinja nakaa kilimani, hapana mafuriko, kwa hiyo sigiri na makaa viko chini wala sina neno. Lakini nawaonya: msiwashe sigiri ndani ya chumba kilichofungwa, hata kukiwa na baridi namna gani. Hewa yake haina harufu, na mtu hulala asiamke.

Katika vyakula, tumechagua vile visivyohitaji kupikwa sana: karanga za kukaanga, simsim, dagaa wakavu, na unga wa wimbi wa uji. Wimbi lisilosagwa hukaa miaka mingi bila kuliwa na wadudu, ndiyo maana wazee walilijazia maghala. Watu wa Teso hukata viazi vitamu wakavianika, wakaviita amukeke; hivyo navyo ni akiba nzuri wala havina gharama. Maharagwe hubadilishwa kila mavuno, kwa sababu yakizeeka huwa magumu yakala makaa ya siku nzima. Noti ndogo ndogo zimo katika chupa. Vyeti vimo ndani ya nailoni mbili. Na ninyi wa darasa la mwisho, tengenezeni nakala mapema.

Iko nyumba ambayo ndoo ya botini haitaifaa. Huko Nametsi katika Bududa, tarehe 1 Machi 2010, mlima wenyewe uliteremka juu ya watu. Na Bulambuli, Novemba 2024, ikawa vile vile. Anayekaa katika mteremko wa namna hiyo, akiba yake ni mfuko mmoja wa kubeba begani, wenye dawa, karatasi, tochi, maji kidogo na nguo ya mtoto, uliotundikwa karibu na mlango. Tena ajue kabla ataelekea kwa nani. Akiona ardhi imepasuka au mlango umeanza kukwama bila sababu, na aondoke, mfuko au pasipo mfuko.

Likizo hii jaribuni jambo moja nyumbani kwenu, kwa ruhusa ya wazazi. Jioni moja msitumie umeme, wala bomba, wala simu, tangu saa kumi na mbili mpaka asubuhi, mkaone ni nini kilichopungua. Sisi tulijaribu Mbale mwezi wa Desemba. Tochi iliwaka, maji yalitosha, uji ulipikwa, nami nikaanza kujisifu. Kisha mama akaniuliza kifungulio cha chupa ya noti kiko wapi, na tukakitafuta hadi saa tatu.