Deni la Familia: Kutoka Daftari la Duka hadi Mkopo wa Simu



Ndugu msomaji, somo letu la mara hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tulilikuta nyumbani kabla hatujafika chuoni, nalo ni deni. Tutaangalia jinsi familia yenye desturi ya kubana matumizi inavyobadilika kizazi hadi kizazi katika namna ya kukopa, kisha tutajiuliza ni kitu gani hasa kilichobadilika. Hatutoi fatwa hapa. Maswali ya fatwa yapelekwe kwa masheikh. Tunachotaka ni kila mmoja wetu aweze kuyatazama madeni ya kwao kwa jicho la elimu.

Kizazi cha kwanza: "Sisi hatudaiwi"

Tuchukue mfano wa familia ya wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale. Ni mfano wa kufundishia tu, lakini wengi wenu mtaitambua nyumba hiyo. Babu anasifika kwa kubana matumizi. Sukari hupimwa kwa kijiko, nguo mpya ni za Idi, na koroboi huzimwa mara baada ya Isha. Kauli yake ni moja: sisi hatudaiwi. Chumvi ikiisha, mtoto hutumwa dukani na mwenye duka huandika kwenye daftari. Hilo babu haliiti deni, kwa sababu hulilipa siku ya soko.

Tatizo ni kwamba karo hudaiwa mara tatu kwa mwaka, ilhali kahawa ina msimu wake. Mfuko ukikauka kabla ya mavuno, mzee huenda kwa mnunuzi akauza kahawa ikiwa bado ni maua mtini. Anapokea pesa kidogo leo, na kahawa ikiiva, mnunuzi anaichukua yote kwa bei ile ile ya chini. Watoto wamekwenda shule, na babu bado anasema hadaiwi.

Tulipime jambo hili kwa fiqhi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kuwa yamesalimika, na akaeleza sababu: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo yasitoke, muuzaji atahalalisha kwa kitu gani mali ya ndugu yake? Wakati huo huo ameruhusu bei ya salam, yaani kulipa leo kwa mazao yatakayoletwa baadaye. Alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla kwa tende za mwaka mmoja na za miaka miwili. Hakuivunja biashara hiyo, bali aliiwekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Wanazuoni wakaongeza kubainisha kwamba bei ilipwe wakati wa kufunga mkataba, na kwamba mazao yasifungwe na mti au shamba moja maalumu, maana shamba hilo linaweza lisizae.

Kwa hiyo babu angeweza kuuza, kwa mfano, magunia mawili ya kahawa ya daraja fulani, ya kupelekwa mwezi fulani, na akapokea pesa zote siku hiyo. Hiyo ni salam. Kuuza maua yaliyo mtini ni jambo jingine. Vilevile tukubaliane kwamba babu alikuwa anadaiwa. Alichodaiwa kilikuwa kahawa badala ya shilingi, basi akaona si deni. Kubana matumizi ni tabia njema, lakini hakumwondolei mtu wajibu wa kuujua mkataba wake.

Pamoja na hayo, deni la babu lilikuwa na sifa moja ambayo tutairudia: lilijulikana. Bibi alilijua, mwenye duka alilijua, na jirani aliyekuwapo wakati wa kuandikiana alilijua.

Kizazi cha pili: "Deni la maendeleo"

Baba amesoma, naye ni mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi. Tabia ya kubana matumizi ameirithi, ila kauli imebadilika. Yeye husema mtu hawezi kujenga bila kukopa. Akiorodhesha madeni yake utakuta matatu. Kuna mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara pamoja na riba. Kuna mkopo wa SACCO ya walimu. Kuna paneli ya umeme wa jua aliyoichukua kwa kulipa kidogo kidogo.

Wanafunzi wengi huyaweka matatu haya katika kapu moja, wakasema yote ni haramu au yote ni dharura. Tutofautishe. Ukikopeshwa pesa kwa sharti la kurudisha zaidi ya ulichopokea, ziada hiyo ndiyo riba iliyokatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 275 na zinazofuata, hata ikiitwa ada. Paneli inaweza kuwa na hukumu nyingine. Muuzaji akiwa anaimiliki, akakuuzia kwa bei moja mliyokubaliana tangu mwanzo, malipo yakagawanywa kwa miezi na bei haipandi ukichelewa, wanazuoni wengi wameruhusu mauzo ya aina hiyo, hata kama bei ni kubwa kuliko ya kulipa taslimu. Na SACCO huwezi kuihukumu kwa jina lake. Soma masharti yake: je, mkopo wake una ziada juu ya mtaji?

Watu wa rika la baba walikuwa na udhuru wa kusema hakuna njia nyingine. Udhuru huo unapungua. Uganda ilirekebisha sheria yake ya taasisi za fedha mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 leseni ya kwanza ya benki kamili ya Kiislamu ikatolewa. Jirani zetu walitutangulia: Kenya ilikuwa nazo tangu 2008 na Tanzania tangu 2011. Hata hivyo, neno "Kiislamu" kwenye bango halimwondolei msomi kazi ya kusoma mkataba.

Kizazi cha tatu: mkopo wa mfukoni

Sasa tumefika kwetu. Mwishoni mwa 2012 Kenya ilianzisha M-Shwari, na mwaka 2016 MoKash ikaja Uganda. Tangu hapo, kijana aliye na laini ya simu anaweza kukopa saa nane za usiku akiwa kitandani hosteli. Haombi dhamana ya mtu, haandiki barua, wala hamtazami mtu usoni.

Tufanye hesabu. Umekopa shilingi 100,000 kwa ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Mwezi ukiisha unatakiwa kurudisha 109,000. Elfu tisa inaonekana ndogo, ni bei ya milo michache. Lakini tuseme kila mwezi unalipa deni lote, na siku hiyo hiyo unakopa tena 100,000 ili uweze kuishi. Baada ya miezi 12 umelipa ada ya shilingi 108,000, na bado unadaiwa 100,000 ile ile. Ada imeupita mtaji, na hujanunua hata daftari.

Ajabu ni kwamba kijana huyu anaweza kuwa mbanaji kama babu yake. Hula mlo mmoja, hutembea kwa miguu badala ya kupanda boda boda, na nguo zake ni za mtumba. Anakopa ili wazazi wasijue kwamba pesa za matumizi zimeisha mapema, au ili atume nyumbani mdogo wake anapougua. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu wa kwetu hata harusi hakuiona.

Kitu gani kimebadilika?

Wengi husema vizazi vilivyopita viliogopa deni na sisi hatuliogopi. Tumekwisha kuona kwamba babu naye alikopa. Kilichobadilika zaidi ni kwamba deni limetoka hadharani likaingia sirini.

Rejea Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an. Inazungumzia deni, na ndani yake mna maagizo matatu yanayotuhusu moja kwa moja. Deni la muda liandikwe, na tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Mwenye kudaiwa ndiye atamke maneno ya mkataba, kwa sababu haki iko juu yake, naye anapaswa kujua anachokiri. Kisha wawepo mashahidi. Linganisha na mkopo wa simu: maneno yote yameandikwa na mkopeshaji, mdaiwa anabonyeza "kubali" bila kusoma, na shahidi hayupo.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na deni. Alipoulizwa kwa nini anafanya hivyo mara kwa mara, alieleza kwamba mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Deni la siri linaifungua milango hiyo miwili haraka zaidi. Lakini yeye mwenyewe alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina, kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya familia yake. Kukopa chakula cha nyumbani, basi, si aibu kwa Muislamu. Deni lile lilikuwa na rehani, na lilijulikana.

Mfano wa Zubeir bin Awwam (r.a.)

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Zubeir siku ya vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria. Alimwita mwanawe Abdallah akamwambia kwamba jambo linalomhuzunisha zaidi ni deni lake, akamuusia auze mali na kulilipa. Watu walikuwa wakimletea fedha awawekee amana, naye akikataa kuzipokea kama amana na kuzipokea kama mkopo, akihofia zisije zikapotea. Amana ikipotea bila uzembe, mtunzaji halipi. Mkopo hulipwa kwa hali yoyote. Alijibebesha deni ili kulinda mali za watu.

Abdallah alipohesabu alikuta deni la 2,200,000. Fedha taslimu haikuwapo, ila ardhi na nyumba. Ardhi ya Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, iliuzwa kwa 1,600,000. Madeni yote yakalipwa. Warithi walipotaka kugawana kilichobaki, Abdallah aliwazuia mpaka alipotangaza katika msimu wa Hija kwa miaka minne kwamba yeyote anayemdai Zubeir ajitokeze.

Deni la Zubeir lilikuwa kubwa kuliko mkopo wowote wa mwanafunzi. Lakini halikuwa na riba, lilikuwa na mali nyuma yake, na mwanawe aliambiwa akiwa bado hai. Kijana wa hosteli anadaiwa laki moja tu, na akifariki leo hakuna mtu nyumbani anayejua.

Mambo ya kufanya wiki hii

Kwanza, andika madeni yako yote katika karatasi moja: ya simu, ya kantini, ya rafiki, na yale unayowadai wengine.

Pili, mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Mtume (S.A.W.) amehimiza kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asipitishe siku mbili bila wasia wake kuandikwa, na deni ni katika mambo ya mwanzo ya kuusia.

Tatu, anza kulipa lile lenye ziada inayokua, na usikope jipya kulipia la zamani. Dawa ya deni ni kulipa.

Nne, kama wewe ndiye unayedai na mwenzako ameshindwa kweli, kumbuka aya ya 280: apewe muda hadi apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi.

Tano, zungumzeni katika halaqa zenu kuhusu mfuko mdogo wa qardh hasan, mkopo mwema usio na ziada, wenye daftari na mashahidi wawili. Asiyeweza kulipa kabisa asifichwe: wenye madeni ni moja ya makundi manane ya zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60.

Maswali ya kujadili

1. Je, nyumbani kwenu kuna jambo ambalo ni deni lakini haliitwi deni?
2. Eleza tofauti ya kuuza maua ya kahawa na bei ya salam.
3. Kwa nini aya ya 282 imemtaka mdaiwa, badala ya mdai, atamke maneno ya mkataba?
4. Mzazi aliyebana matumizi maisha yake yote akimkuta mwanawe na mkopo wa siri, amwambie nini ili mwana asifiche tena?

Tunamuomba Allah atukinge na mzigo wa madeni na atutosheleze kwa halali yake. Wallahu a'lam.