Pini Imeingia, Rauta Imezima

Stima imerudi baada ya kupotea tangu asubuhi. Mtu anapapasa nyuma ya televisheni, anashika waya wa kwanza unaomjia mkononi na kuuchomeka kwenye rauta. Pini inaingia vizuri kabisa. Taa zinamulika mara moja, harufu ya kitu kilichoungua inapanda, kisha kimya. Kumbe adapta ile ni ya kompyuta ya kijana aliyerudi nyumbani kutoka chuo kikuu cha Kwa Vonza: inatoa volti 19, na rauta ilitaka 12.

Mkasa huu unaweza kuipata nyumba yoyote ya Kitui au Makueni yenye sanduku la chaja za zamani. Pini ya duara yenye upana wa milimita 5.5 inatumiwa na rauta, dikoda, kamera za ulinzi, spika na taa za sola. Umbo ni lile lile, umeme unaopita ndani ni tofauti. Lakini usiitupe rauta hiyo bado. Mara nyingi kilichokufa ni kipande kidogo kilichowekwa mlangoni ili kife kwa niaba ya vingine.

Soma kibandiko kwanza

Geuza rauta uangalie mgongo wake. Utaona maandishi kama 12V 1A, 9V 0.6A au 5V 2A. Kisha soma mstari wa OUTPUT kwenye adapta. Linganisha mambo manne.

Volti: lazima zilingane. Zikizidi, vipande vinaungua. Zikipungua, rauta haiwaki, au inawaka na kuzima bila kukoma. Kwa kawaida haiharibiki, nayo hupona ikipata adapta yake.

Ampea: za adapta ziwe sawa na za rauta au zaidi. Adapta ya kamera ya 12V 2A inaendesha rauta ya 12V 1A bila shida, kwa kuwa rauta huchukua kiasi inachohitaji tu. Ampea zikiwa chache, adapta inachemka na intaneti inakatika watu wakiwa wengi.

Chanya na hasi: tafuta mchoro wa nukta iliyozungukwa na duara lisilofunga. Kwenye rauta nyingi chanya iko kati. Adapta yenye mpangilio wa kinyume inaweza kuua rauta hata kama volti ni sahihi.

Aina ya umeme: mstari mnyoofu wenye vistari vifupi chini yake ni umeme wa moja kwa moja, unaotakiwa na rauta. Alama ya wimbi (~) kwenye mstari wa OUTPUT ni umeme geu, uliotumiwa na baadhi ya modemu za zamani. Usiuchomeke kwenye rauta ya kisasa.

Mtego wa sola

Kwenye maboma yasiyofikiwa na nguzo za umeme, kuanzia Mutomo hadi Kathonzweni, wengi huunganisha rauta na betri ya sola. Betri ya "volti 12" haikai kwenye 12. Ikijaa na kupumzika inasoma karibu 12.7, na mchana ikichajiwa hupanda hadi 14.4 hivi. Rauta nyingi huvumilia hilo, si zote. Hatari kubwa ni paneli yenyewe: paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, hufika volti 20 na zaidi. Usiiunganishe na rauta moja kwa moja, wala usiiache rauta kwenye nyaya za betri unapoing'oa betri huku paneli ikiendelea kuchaji. Nunua kipunguza volti kinachotoa 12 thabiti, au betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya rauta. Hata hiyo huwa na matundu ya 5, 9 na 12, kwa hiyo angalia unachomeka wapi.

Pima kabla ya kulaumu

Azima au nunua multimita; maduka ya vifaa vya umeme huwa nayo, na mafundi wa simu wanaitumia kila siku. Iweke kwenye volti za moja kwa moja, kipimo cha 20. Sindano nyekundu iingie katikati ya pini, nyeusi iguse nje. Adapta nzima ya 12V itasoma 12 au juu kidogo. Ikitokea alama ya kutoa, chanya na hasi zimegeuzwa. Ikisoma sifuri, huenda rauta haina kosa na adapta ndiyo iliyokufa. Usiifungue: ndani yake mna volti 240 za ukutani, na kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Sasa chomoa kila kitu, weka multimita kwenye mlio, na uguse sehemu mbili za tundu la umeme la rauta. Ikilia mfululizo, kuna shoti ndani. Usiichomekee adapta nzuri kwa kujaribu bahati. Utakuwa na maiti mbili.

Ndani ya rauta

Kama rauta ni mali ya kampuni ya intaneti, ishia hapa uwapigie simu; ukiifungua unaweza kulipishwa. Kama ni yako, skrubu huwa zimefichwa chini ya miguu ya mpira au kibandiko. Kadi ya zamani ya benki inatosha kuachanisha plastiki.

Fuata njia ya umeme kutoka kwenye tundu. Cha kwanza huwa fyuzi, imeandikwa F kwenye bodi. Isipolia kwenye multimita, imekatika. Karibu yake kuna diodi ya ulinzi, kipande cheusi kilichoandikwa D. Ikilia pande zote mbili, imejitoa mhanga. Fundi huing'oa na kupima tundu tena. Shoti ikiondoka, habari ni njema. Weka diodi mpya ya aina ileile na fyuzi ya kiwango kilekile. Usiziunganishe ncha za fyuzi kwa waya, kwa sababu siku nyingine kitakachoungua ni bodi nzima.

Tazama kapasita, zile zinazofanana na mapipa madogo. Kichwa kilichovimba ni dalili ya kifo. Badilisha kwa yenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi, mstari wa hasi ukikaa palepale.

Mwisho ni chipu ya kushusha volti, jirani na koili. Ikiwa 12 zinaingia na 3.3 au 5 hazitoki, inabadilishwa kwa kusoma namba iliyo mgongoni.

Jaribio la taa

Kabla ya kuiwasha, fundi mzoefu hupitisha waya wa chanya kwenye taa ya gari ya volti 12, wati 10. Taa ikiwaka kwa nguvu zote, bado kuna shoti, na adapta imesalimika. Ikimulika kisha ikafifia, toa taa na uchomeke moja kwa moja. Rauta ikiwaka lakini ikigoma kufanya kazi, bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio kwa sekunde 10 hivi.

Wakati wa kuacha

Volti zilizozidi zikivuka chipu ya kushusha volti na kufika kwenye prosesa, prosesa huchemka hadi haigusiki baada ya sekunde chache. Hapo hakuna tiba ya bei nafuu. Ukiambiwa gharama inayozidi nusu ya bei ya rauta mpya, nunua mpya, na ile mbovu umwachie fundi avune vipuri. Usiichome kwenye shimo la takataka. Moshi wa bodi ni sumu.

Leo jioni toa chaja zote sandukuni. Bandika kipande cha plasta kwenye kila adapta na uandike kwa kalamu isiyofutika: RAUTA 12V, DIKODA 12V, KOMPYUTA 19V. Andika vivyo hivyo kando ya tundu la kila kifaa. Stima ikirudi usiku, hata mtoto atachomeka iliyo sahihi.