Kabla ya kusaka chuma ardhini, dungwa sindano ya pepopunda

JE, msomaji, daktari wako amekuambia mara ngapi utembee kila siku, nawe ukatembea siku mbili za kwanza tu? Hauko peke yako. Kutembea bila shughuli huchosha akili kabla ya kuchosha miguu. Ndiyo maana nilifurahi mgonjwa wangu mmoja wa hapa Machakos, mwalimu mstaafu mwenye shinikizo la damu, aliponieleza kwamba sasa hutembea saa mbili kila Jumamosi shambani mwake. Mwanawe anayeishi ng'ambo alikuwa amemletea mashine ya kutambua chuma kilichofukiwa ardhini.

Furaha yangu ilipungua aliponionyesha kiganja. Mashine ililia, akachimba, akatia mkono shimoni na kukatwa na kipande cha bati kuukuu. Alitaka afungwe bendeji aende zake. Nikamwuliza: "Mwalimu, mara ya mwisho kudungwa sindano ya pepopunda ilikuwa lini?" Akacheka. "Daktari, hiyo si ya akina mama wajawazito?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mashine hii ni nini?

Ndugu yake mdogo unamfahamu: ni kile kijiti ambacho bawabu hukupitishia mwilini langoni mwa benki. Ya ardhini ina mpini mrefu na sahani ya mviringo upande wa chini. Ndani ya sahani mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikikuta chuma, shaba au fedha, mashine hulia.

Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kuitafuta risasi hiyo mwilini mwake kwa chombo cha aina hii. Hakuipata. Springi za kitanda zilikivuruga chombo, na daktari mkuu alimruhusu kupima upande mmoja tu, nao haukuwa wenye risasi. Wakati huo madaktari walikuwa wamelichokora jeraha kwa vidole visivyooshwa. Rais alifariki baada ya wiki kumi na moja, na uchafu ulioingia jerahani ulichangia pakubwa kifo chake. Yanayomhusu msakaji wa leo ni hayo hayo: chuma kinaweza kukukata tu, lakini uchafu ukakuua.

Utapata nini Machakos?

Mji wetu ni mkongwe. Kampuni ya Waingereza iliweka kituo hapa mwaka 1889, miaka kumi kabla ya reli kufika Nairobi. Rupia ilitumika hadi 1920, ikaja florini, kisha shilingi mwaka 1921, pamoja na zile senti zenye tundu katikati ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Lakini usijidanganye. Mara nyingi utachimbua misumari, vifuniko vya soda na waya. Udongo mwekundu wenye madini ya chuma nao huweza kuifanya mashine ilie bure. Faida ya hakika ni kutembea kwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Jumamosi moja ya kusaka hukupa sehemu kubwa ya hizo.

Pepopunda: adui aliye udongoni

Wengi huamini kwamba pepopunda huletwa na kutu. Sivyo. Huletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa miaka mingi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama. Shamba lililotiwa samadi ni makao yao. Msumari wenye kutu ni mchukuzi tu: hutoboa shimo jembamba na refu, hewa haifiki ndani, na hapo ndipo bakteria hao husitawi na kutoa sumu.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, mara nyingi karibu siku ya nane. Huenda kidonda kimekwisha kufunga nawe umekisahau. Taya hukaza, shingo huwa ngumu, kumeza kunakuwa taabu, tumbo hukakamaa kama ubao. Kisha mwili mzima hushtuka na kujikunja hata kwa kelele ndogo. Hospitali hupigana na ugonjwa huu kwa wiki kadhaa, na si kila mara hushinda.

Kinga yake ni rahisi mno. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na akina mama hudungwa tena wakiwa wajawazito. Wanaosahaulika ni wanaume. Mwanamume wa miaka 50 anaweza kuwa hajaguswa na chanjo hiyo tangu utotoni, au hajawahi kabisa.

Ikiwa hujawahi kuchanjwa, anza leo: sindano ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita. Ikiwa ulimaliza zote, ongeza moja kila miaka 10. Ukipata jeraha chafu na imepita miaka mitano tangu sindano ya mwisho, usingoje. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Asiyewahi kuchanjwa huenda akahitaji pia dawa ya kumpa kinga ya papo hapo.

Hatari nyingine

Mgongo: Usiiname kutoka kiunoni; piga goti. Rekebisha urefu wa mpini ili sahani ipite karibu na ardhi huku umesimama wima. Badilisha mkono kila robo saa, au bega litakudai usiku.

Mikono na miguu: Vaa glavu nene na viatu vilivyofunikwa. Chimba kwa koleo dogo, si kwa vidole. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila anaporudi nyumbani.

Nyoka: Moma hulala kimya, na ukimkaribia huenda asikimbie. Usitie mkono mahali usipoona. Ukiumwa usikate, usifyonze, usifunge kamba. Tuliza kiungo na ukimbizwe hospitalini. Swila akikutemea sumu machoni, osha kwa maji mengi, kisha umwone daktari.

Moyo: Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo amwulize daktari wake kabla ya kuigusa mashine.

Mabomu: Ukiona kitu kinachofanana na bomu au risasi, usikiguse wala kukigonga. Weka alama mbali nacho, ondoka, uwaarifu polisi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai zaidi ya 200 waliodhurika, au kufiwa na jamaa zao, kutokana na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya kijeshi kaskazini mwa nchi.

Sheria na ujirani mwema

Omba ruhusa ya mwenye shamba. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni, na vilivyotengenezwa kabla ya 1895 vikiwa bado ardhini ni mali ya serikali. Ukikumbana na kimoja kwa bahati, kiache hapo na uyaarifu Makumbusho ya Kitaifa katika muda wa siku saba. Tena, fukia kila shimo. Usibomoe matuta ya fanya juu kwa ajili ya kifuniko cha soda, wala usimwachie ng'ombe wa jirani mtego wa kumvunja mguu.

Mwalimu wangu alioshwa jeraha, akadungwa, akapewa tarehe za kurudi. Amerudi zote. Dawa za shinikizo la damu bado anazimeza, na Jumamosi bado anatembea. Hazina yake hadi sasa ni senti kumi moja yenye tundu, aliyoionyesha kliniki nzima kwa mkono uliopona.

Nawe ukitaka kuanza, anzia zahanati, kisha ndipo uende dukani.