Mfuko wa hewa wa gari lako ni salama?

Mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya usukani huokoa maisha. Gari linapogonga, kemikali huwaka ndani ya kichupa cha chuma na kutoa gesi, mfuko ukafura kabla uso wa dereva haujafika kwenye usukani.

Hata hivyo, mamilioni ya mifuko iliyoundwa na kampuni ya Takata ya Japani ina kasoro. Kemikali yake, amoniamu naitreti, huharibika ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu. Siku ya ajali huwaka kupita kiasi, kichupa kikapasuka na vipande vya chuma vikamrukia dereva shingoni, usoni au kifuani. Watu wamekufa Marekani na Malaysia, wengine katika ajali ndogo tu.

Wito wa kurudisha magari hayo ulianza mwaka 2008. Hata magari ya fahari yamo: mwaka 2023, wenye BMW kadhaa za kati ya 2000 na 2006, zikiwamo M3 na M5 zenye mbio, waliambiwa Marekani wasiziendeshe hadi zirekebishwe.

Yatuhusu nini? Joto na unyevu ndiyo hali ya pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Golbanti, kando ya Mto Tana. Isitoshe, magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na barua ya wito huenda isimfikie mwenye gari wa sasa.

Ufanye nini basi?

1. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni iliyounda gari, uulize kama mfuko ulibadilishwa. Usingoje taa ya dashibodi. Haionyeshi kasoro hii.

2. Usimruhusu fundi asiyefunzwa kuufungua. Unaweza kulipuka.

3. Funga mshipi, na kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka usukani. Watoto wakae nyuma.

4. Chuma kikimwingia mtu shingoni au jichoni, usikichomoe. Shingoni, gandamiza kandokando ya jeraha kwa kitambaa safi. Jicho lifunike bila kuligandamiza. Mkimbize hospitalini.

Kumbuka, kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Mshipa mkubwa wa shingo ukikatwa, damu haingoji safari hiyo. Kinga ni bora kuliko tiba.