SOMO LA KILIMO: ZINKI KATIKA SHAMBA LA MPUNGA



Mwaka jana, wakati wa likizo, nilikuta maneno makali nyumbani kwetu katika bonde la Ruzizi. Mpunga wa mama, majuma matatu baada ya kupandikiza, ulisimama tu, haukukua. Majani ya chini yalijaa madoa ya rangi ya kutu. Ngambo ya mfereji, shamba la jirani lilikuwa kijani. Mjomba akasema: "Ile ni bulozi! Yule mutu amefunga mupunga yetu." Tangu siku ile mama na jirani hawasalimiane. Na minervali yangu inatoka katika ule mpunga.

Mwaka huu, tulipojifunza metali katika kemia, nilimwuliza mwalimu juu ya jambo lile. Akanipa buku. Basi, tujifunze pamoja.

1. Zinki ni nini? Ni metali, alama yake Zn. Ndiyo wanayopaka juu ya mabati ya nyumba ili yasiote kutu. Mmea unaihitaji kidogo sana, lakini bila hiyo haukui. Ni kama chumvi katika sombe: ikikosekana, hata uongeze mawese namna gani, sombe haitakuwa tamu. Vilevile urea haiwezi kushika nafasi ya zinki.

2. Dalili. Kati ya juma la pili na la nne baada ya kupandikiza, mimea inabaki mifupi, tena kwa mabaka-mabaka shambani. Majani ya chini yanapata madoa ya kutu; majani machanga yanakuwa meupe karibu na shina. Katika mwaka 1966, huko Pantnagar, India, mtaalamu Y. L. Nene alionyesha kwamba ugonjwa wa mpunga ulioitwa khaira hauletwi na vijidudu. Ni njaa ya zinki.

3. Sababu. Pengine zinki iko ndani ya udongo, lakini mizizi haiwezi kuichukua. Hivyo ndivyo inavyokuwa pahali penye chokaa nyingi, pahali maji yanapolala siku zote bila kutoka, au mtu anapomwaga fosfati kupita kiasi.

4. Dawa. Mbolea inayotumiwa sana ni sulfati ya zinki. Kilo 25 kwa hektari 1 zinaleta karibu kilo 5 za zinki yenyewe. Kwa ari 1, yaani metre 10 kwa 10, ni gramu 250 tu. Changanya na mchanga mkavu ili ienee sawasawa, mwage mbele ya kupandikiza. Usiichanganye na fosfati. Tena, kausha shamba mara kwa mara.

5. Angalisho. Madoa ya kutu yanaweza pia kuletwa na chuma kupita kiasi katika udongo wenye asidi. Kwa hiyo usinunue mfuko mzima. Jaribu kwanza ari 1, acha ari nyingine kando yake bila dawa, halafu linganisha.

Likizo ya Pasaka nilikwenda kwa jirani, nikamwuliza analima namna gani. Akacheka: "Mutoto, mimi nafungulia maji yatoke. Ninyi munaacha yanalala. Hakuna mutu aliniuliza." Kumbe jibu lilikuwa ngambo ya mfereji, nasi tulikuwa tumenyamaziana msimu mzima! Nilimweleza mama. Hakusema neno, lakini kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kumwamkia jirani. Msimu ujao tutapima ari zetu mbili, na jirani atakuja kutazama.

Maswali ya kujipima:
a) Kwa nini kuongeza urea hakuponyi njaa ya zinki?
b) Shamba lenu lina ari 12. Mnahitaji sulfati ya zinki kilo ngapi?
c) Mpunga ukiugua kwenu, utamwuliza nani kwanza mbele ya kumshitaki mtu?

Kapita wa shule, kalasi ya mwisho